Saiba inayotumia Windows 10 ipigwe marufuku kuhudumia watu?

Mleta mada: Wakuu, tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft haitoi tena masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Saiba za mjini nazo zimejaa mashine za eks-UK (zilizokwisha kutumika Uingereza) kama HP 840 G3 na ThinkPad T460. Prosesa zake ni za kizazi cha 6, ilhali Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Humo humo ndimo watu wanaingilia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya) na iTax (tovuti ya kodi). Kaunti ikitoa leseni ya biashara, ikague kwanza mashine? Mimi nasema ikague.

Kibodi254: Napinga. Mkaguzi atakayekuja ataangalia nini zaidi ya kuomba chai? Kuna usajili wa masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au hulipi ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine iwe tu kwenye toleo la 22H2.

Fundi Waya: Kibodi, huo ni wa mashine za nyumbani. Wa biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka. Halafu wangapi wana leseni halali ya Windows? Fungua dirisha la amri, andika `slmgr /xpr`. Ukiambiwa leseni itaisha tarehe fulani ndani ya siku 180, na muuzaji alikuapia ni ya kudumu, jua imechakachuliwa. Programu ya kuchakachulia yenyewe mara nyingi hudai uzime kinga ya virusi kabla haijafanya kazi. Mlango umeshaachwa wazi hapo, iwe Windows 10 au 11.

Wekeni Linux Mint 22, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ina masasisho hadi 2029. Flashi ya GB 8 inatosha. Ichome Mint humo kwa Rufus (programu ya kuandaa flashi ya kusakinishia), washa mashine ukibonyeza F9 kwa HP au F12 kwa ThinkPad, kisha iendeshe kutoka kwenye flashi kwanza ujaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla hujafuta chochote. Diski ya kuzunguka itoe, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 240, RAM iwe GB 8.

Mama Printa: Printa ndiyo itakayokuaibisha, fundi. HP nyingi hukubali bila shida, lakini Canon LBP2900, iliyoko kila kona, draiva yake kwa Linux ni mateso. CV nayo iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa na LibreOffice, mbadala wa bure wa Word na Excel, mistari inasukumana na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Mteja hatalipa.

Fundi Waya: Kwa CV, weka fonti za Carlito na Caladea. Vipimo vyake vinalingana na Calibri na Cambria, mistari haihami. Kwa LBP2900 sina ubishi, iache kwenye mashine ya Windows.

Kibodi254: Na ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya? Mwenye mshahara tu hujaza ritani mtandaoni kwa kutumia P9 yake (fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi), sawa. Mwenye biashara anapakua fomu ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), na makro hizo LibreOffice huzivuruga.

Mama Printa: Ndiyo maana saiba ya mashine sita inaweza kuwa na moja ya kizazi cha 8 yenye Windows 11 kwa kazi hizo, tano zikawa Mint. Kulazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha 6 kwa Rufus inawezekana, ila toleo jipya la kila mwaka kwa kawaida halitaingia lenyewe, utalichoma upya kwa mkono. Nani atakumbuka?

Msomi wa Githurai: Mnabishania toleo na kuacha folda ya Downloads. Nenda saiba yoyote uifungue: nakala za vitambulisho, vyeti vya KCSE, PIN za KRA, barua za benki. Kivinjari nacho kimehifadhi nywila za watu. Sasisho gani litaziba hilo? Kwenye Mint, fungua mipangilio ya dirisha la kuingia, ruhusu kikao cha mgeni: akitoka, faili zake zote zinafutika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tayari inambana mwenye saiba anayehifadhi taarifa za watu. Ukaguzi ukija, uanzie hapo.

Mleta mada: Msomi, anayesahau flashi yake na kuhifadhi kazi nusu kwenye kikao cha mgeni je? Umeme wa mtaani unaujua.

Msomi wa Githurai: Ajitumie kwa imeli kila baada ya ukurasa. Au mwenye saiba anunue UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika.