Mwanangu anacheza rede peke yake ukutani. Wenyeji wa Goba, nisaidieni

MamaRahma:

Habari za leo wakuu, na shikamooni wakubwa zangu. Nina jambo linanikaa moyoni, nimeona nilitoe hapa kwa sababu najua humu kuna watu wa Goba, Madale na Mbezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambao wamelea watoto huko kabla yangu.

Sisi tumetokea Manzese, Midizini. Tumekaa pale miaka kumi na moja, chumba na sebule, wapangaji sita, uani mmoja, choo kimoja, bomba moja. Kiwanja cha huku tulinunua 2016, 20 kwa 20, upande wa Kinzudi kwenye mteremko. Mwaka mmoja msingi, mwingine boma, tukakaa sana hapo, baadaye mume wangu akapata hela ya kupaua. Mwezi wa pili tukasema tuhamie hivyo hivyo. Lipu ya nje bado, taizi zipo sebuleni tu, lakini ni kwetu. Namshukuru Mungu kila nikifungua dirisha.

Mtaa umepoa sana. Manzese nililala na muziki wa baa na honi za Morogoro Road, huku usiku nasikia vyura kwenye korongo na friji likijizima. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya tatu nikaanza kuwasha redio mchana kutwa ili nyumba iwe na sauti.

Sasa Jumatano iliyopita nilikuwa naanua nguo, nikasikia kitu kinagonga ukuta wa fensi, du, kinatulia, du. Nikazunguka nyuma. Rahma wangu, ana miaka tisa, amejitengenezea mpira wa soksi. Anaurusha ukutani, ukirudi anaukwepa, anachuchumaa haraka anatia konzi ya mchanga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, anaufuata mpira, anarusha tena. Mnaoijua rede mnajua haichezwi na mtu mmoja. Inataka wawili wa kurusha, mmoja huku mmoja kule, na wa katikati anayejaza chupa. Mwanangu alikuwa anawaita wenzake wa Midizini kwa majina, "wewe kaa hapo, wewe nenda kule", halafu anarusha mwenyewe. Nilirudi ndani na nguo zangu, sikumwambia kama nimemwona.

Njia yetu ina mageti manane. Saa kumi na moja na nusu alfajiri magari ya shule yanapita kuchukua watoto, jioni yanawarudisha, geti linafunguka, geti linafungwa, kimya. Nilijaribu. Nilichoma vitumbua nikamtuma Rahma na sahani kwa jirani wa ubavuni. Dada wa kazi akachungulia kwenye tundu la geti akasema mama hayupo. Sahani ikarudi na vitumbua vyake vyote. Manzese sijawahi kuona sahani inarudi namna hiyo, hata ikirudi tupu ni aibu, watu wanatia japo ndimu mbili.

Baba yake anasema ni muda tu. Mama yangu anasema nimpeleke Rahma kwake Manzese kila Ijumaa akacheze, arudi Jumapili. Kwangu hilo ni gumu, mana nitakuwa nimejenga nyumba ya kulala tu mtoto.

Swali langu: nyinyi mlifanyaje? Watoto wenu wanacheza na nani? Na mtu mzima anaanzaje kujuana na watu mtaa ambao hauna uani?

BiMkubwa_Kulangwa:

Marahaba mwanangu. Nimesoma yako mara mbili. Mimi nipo Goba tangu 2007, enzi hizo barabara ilikuwa vumbi, kutoka Mbezi Mwisho ulikuwa unafika nguo imebadilika rangi.

Kwanza, suala la sahani lisikuumize. Huyo dada wa kazi amekatazwa kupokea chakula kwa mtu asiyemjua, hata wa kwangu nimemkataza. Ukimtuma mtoto, hawajui ni mtoto wa nani. Nenda mwenyewe, uende na mume wako, Jumamosi au Jumapili baada ya saa kumi, watu wakiwa wameshapumzika. Gonga, taja jina, onyesha nyumba kwa kidole: sisi ndio wa ile isiyo na lipu. Kila aliyejenga huku aliwahi kuwa wa nyumba isiyo na lipu.

Pili, umekwenda kwa mjumbe? Watu wengi siku hizi wanahamia kimya kimya, wanamtafuta mjumbe siku wakitaka barua ya benki. Mjumbe ndiye anayejua nani kafiwa, nani kajifungua, nani anakusanya hela ya ulinzi. Atakuingiza kwenye kundi la simu la mtaa. Likija tangazo la msiba, funga khanga uende, hata kama marehemu humjui. Menya vitunguu, osha masufuria. Mimi niliishi hapa miaka minne jirani yangu namjua kwa namba ya gari. Masika ya 2011 maji yakaichukua njia yetu, kukawa na shimo gari halipiti. Asubuhi watu wakatoka na majembe, wengine na viroba vya mchanga, wanaume kwa wanawake, matope mpaka magotini. Siku hiyo ndiyo nilijua yule wa gari jeupe anaitwa nani, na kwamba kwao ni Lushoto kama kwetu. Mpaka leo mwanawe ananiita bibi.

Manzese ujirani uliukuta uani umeshawekwa. Huku kila mtu ametoka kwao na wa kwake, na wote wanasubiri mwingine aanze. Anza wewe.

BabaWawili_Madale:

Dada yangu, nitasema tofauti kidogo, usinichukie. Sisi geti letu lilikuwa wazi miaka mitatu, watoto wa njia nzima wanaingia wanatoka, na mimi nilipenda. Siku moja jioni, katikati ya watoto wale, mtu akapita nyuma akaondoka na mtungi wa gesi na pampu ya maji. Hakuna aliyemwona, kila mmoja alidhani ni fundi wa mwingine. Mke wangu alikuwa jikoni na mtoto mchanga, hilo ndilo lililonitisha kuliko pampu. Tangu hapo geti linafungwa.

Na kuna bodaboda. Mteremko wenu wa Kinzudi naujua, wanashuka pale wamezima injini, husikii kitu. Mtoto akifuata mpira barabarani ni sekunde moja. Kwa hiyo mageti unayoyaona yamefungwa, nyuma yake kuna wazazi wenye hofu kama yangu, si kwamba wana roho mbaya.

Tulichofanya baadaye: wazazi wanne tulipeana namba, tukakubaliana saa moja tu, kumi na moja na nusu mpaka kumi na mbili na nusu jioni, nyumba tofauti kila wiki, na mtu mzima mmoja anakaa getini muda wote. Watoto wanaijua saa yao.

GengeLaKona:

Mama Rahma, mimi nauza genge huku huku Goba. Usimtume dada, usiende mwenyewe, mtume Rahma. Nyanya za mia tano, kila siku, wakati magari ya shule yanashusha. Watoto wote wanapita kwangu kununua ubuyu na barafu kabla ya kuingia ndani. Mimi nawajua kwa majina wote, wazazi wao nawajua wachache. Na kama ni Muislamu, mpeleke madrasa ya huko huko mtaani, usimrudishe ya Manzese. Watoto wanaotoka madrasa wanatembea kwa mguu pamoja, huko ndiko urafiki unakoanzia.

MamaRahma:

Asanteni sana, nimelia kidogo kwa hili la viroba vya mchanga. Kaka wa Madale sijakuchukia, umenisaidia kuliko unavyodhani, sikuwa nimewaza upande wa hofu. Pole kwa yaliyowapata. Naanza na mjumbe kesho.

MamaRahma (wiki tatu baadaye):

Wakuu nimerudi, niliahidi moyoni kwamba nitaleta majibu.

Mjumbe ni mama mtu mzima, anakaa nyumba ya tano kutoka kwangu na nilikuwa nampita kila siku bila salamu. Nimeona aibu sana. Ameniandika kwenye daftari lake, akaniingiza kwenye kundi. Siku ya nne likaja tangazo la msiba njia ya juu. Nilikwenda. Nilipangiwa mchele, nikakaa kwenye jamvi nachambua, na aliyekaa pembeni yangu anachambua sinia lile lile ndiye jirani yangu wa sahani! Ni muuguzi, anaingia zamu za usiku, mchana anakuwa amelala, na dada ana amri asimwamshe kwa lolote. Aliposikia habari ya vitumbua alinishika mkono, akaomba radhi mpaka nikamwomba yeye anyamaze. Ana pacha wa miaka minane.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote watatu, na sahani yangu ya pili niliyompelekea ikarudi na mihogo ya shambani kwake nyuma ya nyumba. Pacha hawakuwa wanaijua rede kabisa. Rahma aliwapanga kama mwalimu, huyu hapa, huyu pale, akawaonyesha jinsi ya kuchuchumaa huku jicho lipo kwenye mpira. Wale watoto wanarusha kwa nguvu lakini hawajui kukwepa, kila mara walipigwa mgongoni, na kila mara walitaka kurudi katikati. Madrasa pia ameanza, ya msikiti wa huku chini, anarudi na wasichana wawili.

Nimefuata saa ya kaka wa Madale. Nakaa kwenye kigoda getini na mboga yangu naichambulia pale pale, geti liko nusu. Wanaopita wananisalimia. Yapo mageti matatu ambayo bado sijayajua, na la mwisho kule juu nimegonga mara mbili hajatoka mtu. Nitarudi.

Mchanga wanaojazia chupa ni ule wa lipu, tuliumwaga nyuma mwezi wa nne. Lundo limetawanyika mpaka kwenye karo. Baba yake jana alilizunguka na tochi akaniuliza fundi akija tutampa nini. Nimemwambia lipu ya nje isubiri.