Kuna mnyama darini, Melbourne. Nimtoeje?

Baba Nuru: Wakuu, wiki ya pili sipati usingizi. Ikifika saa nne usiku kitu kinakimbia darini kwa kishindo, utadhani mtu kavaa mabuti. Jana nikapanda ngazi na tochi: pua ya waridi, masikio yamesimama, mkia mweusi wa manyoya, mkubwa kama paka. Alivyonikoromea, nusura mimi na ngazi tushuke pamoja. Dari la chumba cha watoto limeshaingia doa la mkojo, rangi ya chai ya rangi. Fundi ananishauri nimtege, nikamtupe msitu wa mbali.

Mchaga wa Geelong: Pole mkuu. Huyo ni posamu, mnyama wa hapa Australia anayebeba mtoto mfukoni kama kangaruu. Fundi atakuponza! Hapa jimbo la Victoria analindwa na sheria ya wanyamapori ya 1975. Ukimtega ndani ya nyumba, unamwachia hapohapo kiwanjani, ndani ya mita 50, siku hiyohiyo jua likizama. Ukimpeleka mbali umemuua. Kule kila mti una mwenyewe, kaupaka harufu ya kifuani mwake. Mgeni atafukuzwa mpaka mbweha amkute chini.

Mimi nilifanya hivi. Nilitundika sanduku la mbao juu ya mti, nikamwaga unga kwenye tundu la paa. Magharibi nyayo zikaonyesha katoka, nikaziba kwa wavu. Ila angalia kwanza kama ni mama. Huzaa mmoja, hukaa mfukoni kama miezi mitano, kisha hupanda mgongoni. Ukimfungia mtoto ndani, utajuta kwa harufu.

Dada Auckland: Mnabembeleza! Huku New Zealand waliletwa kutoka kwenu tangu 1837 kwa ajili ya manyoya, sasa wanakula mayai ya ndege wetu na kuwaambukiza ng'ombe kifua kikuu. Skafu yangu ya baridi ni posamu na sufu.

Mchaga wa Geelong: Dada, kwenu ni wageni, hapa ni kwao. Tena wako wenye shida kweli: kuna posamu mwingine mdogo, anaitwa posamu wa Leadbeater, walidhani kaisha mpaka akaonekana tena 1961. Analala kwenye mapango ya miti mikongwe, na moto wa Februari 2009 uliteketeza misitu yake mingi.

Baba Nuru: Mrejesho: kahamia kwenye sanduku. Watoto wamemwita Komba. Sasa kesi ni ya mama watoto, waridi zake zote zimeliwa vitumba.