Pakeji moja, ripo tatu, na lawama zinanifuata mimi mwaloni

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Niko Mwanga, Kigoma. Timu yetu ina mfumo wa kupima dagaa mwalo wa Kibirizi: mzigo ukishuka kwenye mzani, mwenyewe anapata meseji yenye kilo na hela yake. Ndani kuna pakeji ndogo (kipande cha msimbo kinachotumiwa na programu kadhaa), haifiki mistari mia mbili, kazi yake kukagua namba ya simu na kugeuza ile 0 ya mwanzo kuwa 255. Inatumiwa na ripo tatu, yaani hifadhi tatu za msimbo: programu ya karani, seva, na kituma meseji.

Juzi asubuhi mama mmoja mchuuzi kanifuata na simu mkononi. "Mwanangu, karani kaandika kilo 38, mbona simu yangu kimya? Mnanila?" Laini yake inaanza na 061. Programu ya karani iliikubali kwa sababu orodha yake ya vianzio ina 061. Kituma meseji kiliitupa kwa sababu orodha yake haina 061. Hakuna onyo lililotoka, kuna mstari mmoja tu kwenye logi (kumbukumbu za mfumo): "namba batili". Nikamfungulia rekodi, akaisoma mara mbili, akasema haya. Usoni nilimwona hajaamini.

Sasa kinachonichoma: hiyo 061 nilishaiweka mwezi uliopita! Nikaiandikia jaribio, nikapandisha GitHub (tovuti ya kutunzia msimbo), nikaweka tagi, yaani alama ya toleo, 1.4.2. Imekwenda wapi?

Pakeji ina makao mawili, GitHub na GitLab (tovuti nyingine ya aina hiyo), kwa sababu kila mradi ulianzia kwake na hakuna aliyekubali kuhama. Mwenzetu aliyeko Dar ana skripti inayosawazisha kila usiku kwa git push --mirror (amri ya Git, programu ya kutunza historia ya msimbo), kutoka GitLab kwenda GitHub. Amri ile haiulizi na haiunganishi kazi za watu. Inalazimisha upande wa pili ufanane na ule ulikotoka, na tawi (mkondo wa kazi) au tagi isiyokuwepo huku inafutwa kule. Kwa hiyo mimi naandika GitHub mchana, usiku inamwagiwa ya GitLab. Programu ya karani ilijengwa mchana uleule, ikanusurika. Kituma meseji kilijengwa wiki iliyofuata, tena hakitaji toleo, kinachukua chochote kilichopo kwenye tawi kuu. Kikabeba ya zamani. Seva ndiyo msiniulize: mtu alikopi folda nzima mwaka jana na kuibandika humo.

Git inampa kila mtu historia nzima, kwa hiyo komiti yangu (badiliko nililohifadhi) ilikuwa bado kwenye laptop. Nikairudisha saa kumi jioni. Asubuhi haipo tena.

Nimelalamika kwenye grupu, nikajibiwa, "Uwe unapandisha kote kote." Hapana. Nikisahau siku moja, mtu wa mwaloni anakosa meseji yake. Mwingine kasema tutumie git submodule, yaani kuweka ripo moja ndani ya nyingine. Sawa, ile inashikilia komiti maalumu, lakini komiti yenyewe ikifutwa nyumbani kwake inashikilia nini?

Ninachodai ni kidogo. Mahali pamoja pa kuandika, kwingine kuwe kwa kusoma tu. Iwe GitHub, iwe GitLab, sijali. Tawi kuu lilindwe dhidi ya kulazimishwa, ili skripti ya namna hii ikwame na kupiga kelele badala ya kufuta kazi ya mtu kimyakimya. Kila mradi utaje toleo unalotumia na faili la kufuli (linaloandika toleo kamili linalotumika) liwekwe kwenye ripo. Na ile folda ya seva ifutwe leo.

Skripti inaanza tena saa sita usiku huu. Nimeomba izimwe, jibu ni "tutaongea Jumatatu". Mitumbwi inaingia Kibirizi alfajiri.