Mjadala: Kijana wa programu huria, digrii kwanza au kazi kwanza?

Mtoa mada, Langoni, Lamu

Asalaam aleikum. Jambo hili limenikosesha raha wiki nzima, na nalileta hapa kwa sababu najua haliko nyumbani kwetu peke yake.

Mpwa wangu alipata C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na ameitwa chuo kikuu kimoja cha bara akasome sayansi ya kompyuta, miaka minne. Mamake, dada yangu, ameshatoa bangili zake mbili za dhahabu akaziuze. Mimi nikasema mbele ya wazee: asiende, aanze kazi. Dada hajanisemesha tangu Ijumaa.

Nieleze nilichokiona hata nikasema hivyo. Kazi anayoitaka kijana ni ya programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiandika programu, umewekwa wazi, yeyote ausome, autumie, aurekebishe. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ndiyo mashuhuri zaidi: kila simu ya Android ina kiini chake, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kupita nyingine duniani zinaendeshwa nayo. Sasa, Ramadhani iliyopita jirani yetu mwenye duka la vyakula alilalamika kwamba programu yake ya stoo inamharibia hesabu. Akiandika sukari kilo 2.5, inasoma 25. Mpwa wangu akakaa nayo dukani kwangu masiku matatu baada ya tarawehe. Akaufungua msimbo, akaukuta mstari uliodhani kwamba lugha yoyote isiyo Kiingereza hutenga desimali kwa mkato, kama wafanyavyo Wajerumani, kwa hiyo nukta ilikuwa ikitupwa. Sisi hutumia nukta. Akaandika kiraka, yaani kipande cha msimbo cha kurekebisha kosa, cha mistari minne, akakituma kwa wanaoitunza programu ile, watu wa ng'ambo asiowajua.

Walimjibu siku ya tisa. Kiraka ni kizuri, wakasema, lakini weka na jaribio la kuhakikisha kosa halirudi, na maelezo uliyoyaandika juu hayaeleweki. Akarekebisha. Wakamrudishia tena. Mara ya tatu wakakipokea, na jina lake limo mle hadi leo. Hakuna aliyemuuliza KCSE alipata nini.

Hata mitihani ya fani hii inafuata njia hiyo. Ule wa RHCSA, cheti cha usimamizi wa Linux cha kampuni ya Red Hat, hauna maswali ya kuchagua jibu. Unawekewa mashine, unaambiwa fanya hili na lile, kisha mashine inawashwa upya ndipo isahihishwe. Ulichokitengeneza kikawa hakikudumu, umekosa alama. Huwezi kuukariri.

Sasa swali langu kwa wote. Basari zetu, iwe ya kaunti au ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, hundi yake huandikwa kwa jina la shule au la chuo. Kijana anayejifunza kwa kazi hapati hata ya bando. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma. Kwa nini fungu hilohilo lisimnunulie laptopu na kumlipia mtihani?

Mwalimu wa kompyuta, Malindi

Wa aleikum salaam. Kaka, kwanza nenda kwa dada yako mkasemezane, mjadala utakungoja.

Nina digrii na nina miaka kumi na miwili kazini, na siwezi kunyamaza digrii ikihesabiwa kuwa kupoteza wakati. Hizo programu huria unazozisifu zilizaliwa wapi? Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na aliyokuwa akiitumia kabla yake ni Minix, mfumo ambao profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliutunga ili kusomeshea. Hifadhidata ya PostgreSQL ilitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. DHIS2, ambayo nchi yetu yote imekusanyia takwimu za vituo vya afya tangu 2011, ina asili yake Chuo Kikuu cha Oslo. OpenMRS, programu ya kuweka rekodi za wagonjwa, ina mizizi Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na wenzao wa Indiana. Ukija kwenye lugha yetu, Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, programu ya ofisi inayosema Kiswahili, ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tuache historia, nikwambie niliyoyaona mwenyewe. Kituo kimoja cha afya kilikuwa na majina 40,000 ya wagonjwa, mengi yameandikwa mara mbili. Leo mtu ni Swaleh, kesho Saleh. Leo Mwanaisha, kesho Mwana Aisha. Fundi kijana, hodari kwelikweli, akaandika programu ya kulinganisha kila jina na kila jina jingine, herufi kwa herufi. Aliiwasha Alhamisi jioni. Jumatatu asubuhi ilikuwa bado inakwenda. Fanyeni hesabu: 40,000 mara 40,000 ni bilioni 1.6. Hata ukiondoa yanayojirudia, zinabaki kama milioni 800. Yeye akadhani mashine ndiyo mbovu, akaandika barua ya kuomba nyingine.

Nilichofanya ni kuyapanga majina kwanza kwa matamshi yake, ili yanayofanana yakae jirani, kisha nikalinganisha kila jina na majirani zake tu. Kupanga vitu 40,000 kunataka ulinganisho laki sita na kitu. Kazi ilikwisha nikiwa bado nimesimama. Sikuzaliwa na ujuzi huo. Nilifundishwa mwaka wa pili, katika somo ambalo sote tulikuwa tukiuliza litatusaidia wapi. Kijana yule hakukosa akili wala bidii. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba swali lake lilikwisha jibiwa kabla hajazaliwa.

Kiraka cha mistari minne kinapendeza, namvulia kofia mpwa wako. Lakini kiraka hutiwa kwenye nguo ambayo mtu mwingine ameshaishona.

Nahodha, Shela

Mimi si mtu wa kompyuta, nina boti. Nimeingia baharini na marehemu babangu nikiwa na miaka tisa. Kisha ikaja sheria: Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, inamtaka mwenye kuendesha boti ya abiria awe na cheti. Niliona nimevunjiwa heshima. Mtu aliyepita mlango wa bahari wa Shela kusi na kaskazi akaulizwe karatasi!

Nikaenda darasani. Bahari hawakunifundisha, lakini walinifundisha redio, na namna ya kumshughulikia mtu aliyezama, na hayo sikuwa nikiyajua. Na pasipo cheti kile, leo hoteli hainipi mgeni hata mmoja. Kwa hiyo mimi naungana na Mwalimu kuhusu karatasi. Kijana akiomba kazi ya serikali, anayeyapokea maombi hatafungua msimbo wake akausoma. Ataangalia bahasha ina digrii au haina.

Ila niongeze moja. Mle darasani tulikuwa wa aina mbili. Sisi wa miaka thelathini ya bahari kila tulichoambiwa tulikielewa palepale, tunasema kumbe, hili ndilo lililotupata siku fulani Kiwayuu. Vijana waliokuja bila bahari walikuwa wakiandika tu daftarini.

Binti wa Malindi

Shikamooni wakubwa zangu. Nawasoma tangu juzi. Nyote mnazungumza kana kwamba kila mtu ana hiari ya kuchagua. Mimi nilipata C wazi, na mlango wa digrii unataka C+. Kwa hiyo kazi kwanza kwangu si msimamo, ndiyo njia niliyobakiwa nayo.

Na njia ipo, simkatai mjomba wa Langoni. Outreachy inamlipa mwanagenzi wa programu huria dola 7,000 kwa miezi mitatu, na haidai digrii. Google Summer of Code, mpango wa Google wa namna hiyohiyo, ilikuwa ya wanafunzi peke yao, lakini tangu 2022 imefunguliwa hata kwa wasiosoma chuoni, mradi uwe umetimiza miaka 18. Niliomba moja ya hizo mara mbili. Kabla hawajachagua, wanataka uwe umeshatuma kazi kwenye mradi wenyewe, na wenzako wa dunia nzima wanatuma kila siku. Mimi laptopu naazimana na kaka yangu, naipata saa nne usiku. Bando nanunua la usiku kwa kuwa ndilo nafuu. Maelezo ya mradi yakiwa ya video nayaruka. Kuna usiku nilipakua msimbo wa mradi mmoja, ukakatika asilimia tisini, bando likaisha, na kesho yake nikaanza upya.

Mjomba, nisamehe kwa hili. Mpwa wako alijifunza kwa kazi kwa sababu ana mjomba mwenye duka. Mashine ni yako, umeme ni wako, intaneti ni yako, na jirani akaleta tatizo mlangoni. Mimi ningepata chuo, ningekwenda hata kwa ajili ya ile maabara yenye intaneti tu.

Mtoa mada, Langoni, Lamu

Binti yangu, maneno yako nimeyasoma mara tatu, na sina la kuyapinga. Nilikuwa nikimhesabia mpwa wangu bidii yake peke yake, duka sikulihesabu.

Jana nilikwenda kwa dada. Tumeelewana kwamba kijana ataondoka. Mwalimu, hesabu yako ya bilioni 1.6 ndiyo iliyonishinda, maana nina programu yangu mwenyewe ya kutafuta picha za wateja zilizojirudia, nami niliiandika vilevile, kila picha na kila picha. Miaka yote nimekuwa nikiiwasha usiku ndipo nilale, nikiamini ndivyo kazi ilivyo. Na Nahodha, neno lako la daftari nimelichukua: likizo zote atakuwa hapa dukani, asije akawa wa kuandika tu.

Kuhusu basari sirudi nyuma hata hatua moja, na sasa simsemei mpwa wangu, namsemea binti huyu. Waliopata C nao ni watoto wa kaunti. Najua wasimamizi wanaogopa fedha kuliwa, ndiyo maana hundi huenda chuoni moja kwa moja. Basi iende vivyo hivyo kwa anayeuza laptopu na kwa anayetoa mtihani, kijana asiguse shilingi. Maktaba nazo ziwekwe intaneti, ziwe wazi hadi usiku, maana saa nne usiku si saa ya msichana kuanza masomo kwa mashine ya kuazima. Mwenye hoja ya kulipinga hili ailete, nitaisoma.

Mwalimu, mpwa wangu ana swali kwako, amenikalia hapa nisisahau. Anasema amejaribu kupanga majina kwa matamshi kama ulivyoeleza, kwa kanuni ya Soundex iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918. Swaleh na Saleh inawakutanisha vizuri. Lakini kanuni ile huiacha herufi ya kwanza kama ilivyo, kwa hiyo Athman na Othman inawaweka mbalimbali kabisa, na hapa Lamu huyo ni mtu mmoja. Anauliza wewe wale uliwapataje. Ameanza kuandika kanuni ya majina yetu ya pwani, na angependa uitazame kabla hajasafiri.