Revolva ya 9mm imegoma katikati ya shindano: niiuze?

Mlenga_Njoro
Wakuu, habari za jioni. Niko Njoro, kaunti ya Nakuru. Nimelenga shabaha kwa bastola ya 9mm miaka sita, na mwaka huu nikahamia revolva, ile yenye silinda inayozunguka. Nilichagua ya risasi nane za 9mm kwa sababu ya mfuko tu: nanunua risasi aina moja, silaha zote mbili zinakula.

Jumamosi nilianza vizuri. Nane za kwanza zikaisha, nikafungua silinda, nikagonga fimbo, maganda yote yakatoka kwa mkupuo, bado yameshikana kwenye klipu, kile kibati cha duara kinachoshika risasi nane pamoja, kama kichane cha ndizi. Nikatia klipu ya pili. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Ya tatu, triga ikawa ukuta. Nikavuta mpaka kidole kikauma, na watu nyuma yangu kimya kama matangani. Msimamizi akanisimamisha.

Fundi mmoja ananiambia niuze, eti risasi ya bastola haikuumbiwa revolva. Ninyi mnaotumia mnasemaje?

Sita_Kisumu
Usiuze, ndugu yangu. Huyo fundi ana nusu ya ukweli. Risasi ya revolva ina ukingo kitakoni, na hapo ndipo nyota ya kutolea maganda inaposhika. Ya bastola ina mfuo tu, nyota haina pa kushika. Klipu ndiyo ukingo wa kuazima.

Tena si jambo la juzi. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilikuwa na upungufu wa bastola za M1911, Colt na Smith & Wesson wakalitengenezea revolva za .45 ACP, risasi ile ile ya M1911, na klipu za nusu mwezi zikibeba risasi tatu tatu. Mwaka 1999 Jerry Miculek, mlenga shabaha wa Marekani, alifyatua sita, akajaza, akafyatua sita nyingine kwa sekunde 2.99. Revolva ya .45 ACP, klipu za mwezi mzima, za duara kama zako.

Mimi napenda ufupi wa 9mm. Ganda la .38 Special, risasi ya revolva, lina takriban milimita 29, la 9mm 19. Fimbo ya kutolea ni fupi, kwa hiyo ganda refu mara nyingine linabaki linaning'inia mlangoni. Fupi linaruka.

Sasa niambie, klipu zako ulizibebaje?

Mlenga_Njoro
Aibu. Zilikuwa chini ya mkoba, pamoja na koleo na nyundo. Barabara yetu nayo unaijua.

Babu_Milimani
Basi kesi imeisha, kijana. Klipu ni kibati chembamba. Ikipinda hata unene wa karatasi, kitako cha risasi kinasugua bamba la nyuma na silinda haizunguki. Mimi zangu nazibeba kwenye kopo la plastiki, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuzigusa, hata mama watoto.

Ziweke tupu juu ya kioo, uzibonyeze pembeni kwa kidole. Inayocheza, tupa. Usijaribu kuinyoosha, utarudi hapa kulia. Na maganda usiyang'oe kwa koleo! Hapo ndipo wengi wanazipinda. Tafuta kibomba kinachoingia juu ya ganda, zungusha kidogo, linachomoka.

Pia shika aina moja ya maganda. Mfuo wa kiwanda hiki si sawa na wa kile, na ukiwa mpana risasi zinalegea, zinayumba kama meno ya mzee, na kutia nane kwa pamoja inakuwa taabu.

Usitarajie pointi za .45, lakini. Kwenye IPSC, mashindano ya kulenga kwa kasi, unazidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa kasi, unagawa kwa 1,000. Grani 147 (grani ni kipimo cha uzito) kwa futi 900 kwa sekunde ni 132: umepita 125 ya daraja la chini, 170 ya juu hujafika. Ukitoka nje ya katikati, eneo la C, unapata 3 pale mwenye .45 anapata 4. Mimi bado ningechukua nane za 9mm kuliko sita za .45.

Mlenga_Njoro
Nimezipanga zote kumi juu ya kioo cha meza ya sebuleni. Tatu zinacheza. Moja inacheza hata bila kuguswa, mtoto akipita tu.