Watumishi, tupeane uzoefu: siku uliposimama mimbarini ukajua nguvu haipo

Mpanda Mbegu
Bwana asifiwe wapendwa. Jana kijana mmoja alimaliza kuhubiri, akashuka akakaa benchi la mwisho, Biblia kaifumbata kifuani, hataki kumtazama mtu. Nikakumbuka yangu. Nilikuwa na kurasa kumi na moja nilizoandika kwa mkono, pointi saba, aya zote nimezipanga. Kufika pointi ya pili nikasikia maneno yangu yananidondokea miguuni. Hakuna kosa nililosema, ila hakuna aliyeguswa, hata mimi mwenyewe. Mathayo 7:29 inasema Yesu alifundisha kama mtu mwenye amri, wala si kama waandishi wao. Siku ile nilikuwa mwandishi, mwalimu wa sheria tu. Ninyi yaliwakuta lini?

Dada wa Sauti ya Tatu
Mimi, Jumapili iliyopita. Nimesoma hapa nikalia.

Mzee wa Zamu
Funga siku tatu kabla ya kuhubiri. Kavu. Utaona tofauti.

Kalamu na Biblia
Mzee wangu, shikamoo, lakini wengine tulifunga tukapanda tunatetemeka kwa njaa. Kijana alale vizuri Jumamosi, asome kifungu chake mara ishirini. Roho hukumbusha kilichosomwa.

Mwinjilisti Mstaafu
Ngojeni niwaambie yangu, sijawahi kuyaandika popote.

Nilikuwa na miaka miwili kwenye huduma. Kulikuwa na mhubiri mkubwa niliyempenda mno, nikachukua kila kitu chake: sauti ya kukwaruza, leso mkononi, ile namna ya kurudia neno mara tatu. Usiku mmoja kwenye mkesha binti akaanguka, anapiga kelele, wanne wanamshika hawamuwezi. Nikaitwa. Nikaja kwa sauti ile ya kuazima: "Toka! Toka! Toka!" Nilikaza hadi shingo ikauma. Binti akanyamaza ghafla, akafumbua macho, akanitazama kwa utulivu kabisa. Akasema, "Hiyo si sauti yako."

Mkesha mzima ukawa kimya. Wana saba wa Skewa katika Matendo 19, waliojaribu kutoa pepo, walitoka mle nyumbani uchi, wamejeruhiwa. Mimi nilikuwa na suti yangu kamili, lakini nilijua walivyojisikia. Walilitumia jina la "Yesu anayehubiriwa na Paulo", jina la kusimuliwa.

Akatoka mama mmoja mzee, hana cheo, hata ushemasi hana. Akapiga magoti, akamshika binti mkono, akaanza Zaburi ya 23 polepole kama anaongea na mwanawe. Hadi "gongo lako na fimbo yako" binti analia, kilio cha kawaida sasa, cha mtu. Akalala. Baadaye ndipo nikaambiwa binti alikuwa amemzika mama yake wiki ile.

Moto Hauzimiki
Mtumishi hapo lilikuwa pepo, usitulainishie. Limekutambua huna mamlaka.

Kalamu na Biblia
Au lilikuwa huzuni ya msiba, ndugu. Si kila anayeanguka ana pepo.

Moto Hauzimiki
Ndiyo shida ya wasomi. Upako ukishuka mnatafuta maelezo.

Nimechoka Kusukumwa
Upako upi? Mimi nimesukumwa paji la uso mara tatu kwenye maombezi, na mtumishi ambaye simtaji. Mara ya tatu nikaanguka ili aniache. Nikalala chini nimefumba macho nikijiuliza Mungu ananionaje. Miaka sita sasa sijapanga mstari wa kuombewa.

Dada wa Sauti ya Tatu
Pole sana dada. Na mimi niliwahi kuanguka kwa adabu tu.

Mzee wa Zamu
Zimeni na vinanda vya chini chini wakati wa mwito. Machozi mengi pale ni ya kinanda.

Moto Hauzimiki
Elisha mwenyewe aliagiza mpiga kinanda, 2 Wafalme 3:15, na mkono wa Bwana ukamjia. Tumfute?

Mzee wa Zamu
Elisha alitaka yeye asikie. Hakuwa anawasisimua watu.

Kalamu na Biblia
Turudi kwa kijana. Januari 1850, Charles Spurgeon, aliyekuja kuwa mhubiri mkubwa, akiwa na miaka 15 alikimbilia kikanisa kidogo Colchester, Uingereza, kwa sababu ya theluji. Mchungaji hakufika. Akapanda mtu asiye na elimu, akawa anarudia Isaya 45:22 tu, "Niangalieni mimi, mkaokolewe", kwa kuwa hakuwa na mengi ya kusema. Spurgeon akaokoka pale pale. Na Paulo aliwaambia Wakorintho, 1 Wakorintho 2:3, alifika kwao kwa udhaifu, hofu na matetemeko mengi. Kijana wetu huenda yuko mahali pazuri kuliko anavyodhani.

Moto Hauzimiki
Hapo kwa Paulo endelea na mstari wa nne: "dalili za Roho na za nguvu". Usikatie njiani.

Kalamu na Biblia
Sikatai. Ameni kwa huo pia.

Mwinjilisti Mstaafu
Mpanda Mbegu, huyo kijana kuna aliyeongea naye tangu ashuke? Mimi usiku ule watu wote walinipisha njia. Yule mama peke yake ndiye aliyekuja, akanipa maji, akaniuliza jina langu la nyumbani.

Mpanda Mbegu
Hakuna. Hata mimi nilipita nikampungia mkono tu. Nampigia sasa hivi.