Nimezuiliwa uraia wa Kanada kwa cheti cha polisi, kwa sababu nilingoja arobaini ya mama

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo kwa utaratibu, kwa kuwa najua humu wamo Wakenya wengi wanaoishi Kanada kama wakazi wa kudumu na wanaojiandaa kuomba uraia, na sipendi mwingine atumbukie nilimotumbukia mimi.

Anayeomba uraia wa Kanada hutakiwa awe ameishi nchini humo siku 1,095 katika miaka mitano inayotangulia tarehe ya kutia sahihi. Hilo sina ugomvi nalo; siku zangu zimetimia na nyingine zimezidi. Ugomvi wangu uko kwenye swali jingine, fupi, ambalo mtu hulipita mbio akijaza fomu: je, katika miaka minne iliyopita ulikaa katika nchi nyingine siku 183 au zaidi mfululizo? Ukijibu ndiyo, sharti uambatanishe cheti cha polisi cha nchi hiyo.

Nilijibu ndiyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Niliondoka Kanada tarehe 3 Machi 2023 kwenda Mombasa kumuuguza mama, ambaye figo zilikuwa zimemshinda na hapakuwa na mtoto mwingine wa kumpeleka kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alifariki tarehe 30 Julai, tukamzika siku hiyohiyo, nami nikabaki hadi arobaini yake, iliyosomwa tarehe 8 Septemba. Kesho yake nikapanda ndege. Hesabu ni siku 190. Laiti ningaliwaachia ndugu zangu hitima nikaondoka siku nane mapema, nisingaliulizwa chochote.

Naomba tulitazame vizuri neno hilo "mfululizo", maana ndilo linalonikera kuliko yote. Mtu anayekwenda nyumbani miezi minne kila mwaka, kwa miaka minne, atakuwa amekaa huko siku zipatazo 480, na hatakiwi kuleta cheti hata kimoja, kwa sababu hakuna safari yake iliyofika siku 183. Mimi niliyekwenda mara moja, nikakaa siku 190 nikizunguka baina ya kitanda cha mgonjwa na duka la dawa, ndiye ninayetakiwa kuthibitisha kwamba sikuwa mhalifu. Naelewa kwamba sheria yao inamzuia mtu aliyeshtakiwa au kuhukumiwa kwa kosa kubwa ndani ya miaka minne, hata kama kosa lilitendeka nje ya Kanada, na ni haki yao kuuliza. Lakini kama ni uhalifu unaotafutwa, basi ule wa mwenye siku 480 unatafutwa wapi?

Kosa moja nalibeba mwenyewe. Nilimlipa mshauri wa uhamiaji, ambaye sitamtaja, akanihakikishia kwamba cheti nilichokitoa wakati wa kuomba ukazi wa kudumu kingetosha. Hakikutosha. Cheti cha zamani humfaa yule ambaye hakurudi tena katika nchi ile baada ya kukitoa, na mimi nilirudi. Ombi langu zima likarejeshwa kuwa halijakamilika, na nilipompigia simu mshauri yule akaniambia kwa sauti ya upole kwamba "mambo hayo hutokea". Yeye ada yake alikwisha kuipokea.

Nikaanza upya. Kwa Kenya, maombi ya cheti hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mimi nililipa shilingi 1,050, kisha nikachapisha fomu ya alama za vidole, ile C24, ambayo lazima iwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Aliye ng'ambo huchukuliwa alama huko aliko na kuipeleka fomu Nairobi. Nilikwenda kwenye kampuni moja ya kuchukua alama za vidole katika mji ninaoishi, nikatozwa dola 75. Kijana aliyenihudumia alinifuta vidole kwa kitambaa kibichi, na kabla havijakauka akavibiringisha kwenye wino na kuvikandamiza kwenye karatasi. Kidole gumba cha kulia kilitoka kama tone la mchuzi lililoangukia kitambaa cha meza. Nilimwonyesha, nikamwambia kwamba kazi yangu ni usafi wa hospitali, kwamba dawa za kusafishia zimenilainisha ngozi hadi simu yangu haitambui kidole changu, na nikamwomba arudie kwenye karatasi nyingine. Akasema inatosha.

Haikutosha, bila shaka. Baada ya kulipa dola 92 za kuisafirisha fomu na kungoja wiki kadhaa, shemeji yangu aliyekuwa akilifuatilia jambo hili kwa niaba yangu aliambiwa kwamba alama hazisomeki na nichukuliwe nyingine. Niliporudi kwa kampuni ile wakanidai dola 75 nyingine kamili, kana kwamba doa lile nililichora mimi.

Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba nikikaa kimya bila kufanya lolote, kufikia Septemba 2027 safari yangu yote itakuwa imetoka nje ya ile miaka minne, na swali lile halitanihusu tena. Tabia yangu itakuwa ileile na vidole vitakuwa vilevile.

Fomu ya uraia inaruhusu maelezo ya maandishi kwa mtu aliyeshindwa kupata cheti, na mimi bado sijaambiwa kwamba nimeshindwa, nimeambiwa tu nirudie. Basi kwa wale mnaofanya kazi za maji na dawa kali na ambao alama zenu ziliwahi kukataliwa: mlipumzisha mikono siku ngapi kabla ya kuchukuliwa alama tena, na je, kuna aliyewahi kutuma maelezo hayo pamoja na barua ya kukataliwa, yakakubaliwa?